Kigoda cha Povu cha Mzee Mazengo

Mzee Mazengo wa Bahi hakuwa mnene. Hivyo ndivyo ilivyopaswa kusemwa, hasa akiwa karibu anasikia. Alikuwa mtu mwenye mwili, na mwili wenyewe aliupata kwa haki, kwa wali wa majaruba yake na maziwa ya ng'ombe wake, hakumwomba mtu. Shida yake katika dunia hii ilikuwa moja tu, nayo ni viti.

Si viti vyote. Nyumbani alikuwa na kigoda cha mninga, cha miguu mitatu, alichorithi kwa baba yake, na kigoda hicho kilimbeba bila kunung'unika. Ila kilikuwa kizito, kukiinua mpaka wanaume wawili, na mtu hawezi kwenda kwenye sherehe za watu akifuatwa na wabeba kigoda utadhani ni mtemi. Kwa hiyo siku ya harambee ya kuezeka kanisa alikwenda mikono mitupu. Akapewa kiti cha mgeni wa heshima, kile cha plastiki nyeupe, akaketi, akapokea sahani ya pilau. Kiti kikaanza kupanua miguu polepole kama ndama wa siku ya kwanza, na Mzee Mazengo akashuka nacho taratibu, sahani mkononi, mpaka chini. Pilau haikumwagika hata punje, na hilo hakuna aliyelisifu. Walichofanya watu ni kurekodi. Video ikatembea simu hadi simu mpaka ikafika kwa mpwa wake aliyeko Mwanza, naye akamrushia mwenyewe akiuliza, "Mjomba, huyu si wewe?"

Tangu siku hiyo kila sherehe alikula amesimama. Akiulizwa, alisema mgongo. Na pale kwake neno plastiki halikutamkwa. Hata ndoo ya plastiki iliitwa ndoo tu, ikaishia hapo.

Sasa niambieni, katika Dodoma nzima na vitongoji vyake, nani alikwenda kumpenda Lydia, binti wa mzee huyo? Luka, kijana wa kiwanda cha plastiki cha Zuzu. Mungu naye ana utani wake.

Luka alikuwa kijana mzuri, tusimseme vibaya bure. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, akalelewa na shangazi yake Cecilia, na alilelewa vizuri. Kasoro yake ilikuwa haraka. Chai aliinywa ikiwa bado inachemka, halafu akalalamika ulimi. Mahindi ya kuchoma aliyatafuna upande mmoja mbichi. Lydia, aliyekuwa anaendesha mashine ya kukoboa mpunga pale Bahi na hakuwa mtu wa kuchezewa, alimpenda hivyohivyo, lakini siku anampeleka nyumbani kwao mara ya kwanza alimweka sawa njiani.

"Ukiulizwa kazi, sema wewe ni fundi mitambo. Ishia hapo. Baba yangu hasamehi viti."

Luka akaahidi. Akaingia, akainama, akatoa shikamoo yake na "mbukwa" juu yake kwa heshima ya Kigogo, akakaribishwa. Mzee Mazengo alikuwa ametulia juu ya mninga wake.

"Unafanya kazi gani, kijana?"

"Fundi mitambo, baba."

"Mitambo ya nini?"

Hapo mtu mwenye akili zake angesema ya umeme, ya maji, ya chochote. Luka akafunguka kama bomba lililokatika. Akaeleza kuwa wanatengeneza makreti ya nyanya na vitu vingine vya plastiki, lakini si plastiki ya kawaida hii inayopinda. Yao inatiwa unga wa povu. Plastiki ikiyeyuka kwenye mashine, ule unga unatoa gesi, na ikidungwa ndani ya kalibu, ndani panajaa vitundu kama vya mkate, nje panabaki ganda gumu. Kitu kinatoka kinene, chepesi, na hakiyumbi. Lydia alikuwa amefumba macho.

"Kwa hiyo," alisema Mzee Mazengo, "mnachukua plastiki, ambayo tayari haina nguvu, mnaitoboa."

"Hatuitoboi, baba. Tunaitia hewa."

"Unauza hewa."

"Ya ndani tu, baba."

Mzee akamtazama mkewe, Mama Ruthu, aliyekuwa akichambua mlenda mlangoni. Mama Ruthu akaendelea kuchambua mlenda wake kwa bidii sana.

Haraka ya Luka ikampanda kichwani. "Baba, nipe ruhusa nikutengenezee kigoda cha namna hiyo. Kitakubeba. Na utakibeba mwenyewe kwa mkono mmoja popote unapokwenda."

Hapo kijana alikuwa amemgusa Mzee penyewe. Kukibeba mwenyewe, popote. Lakini alikuwa mtu mzima, hakuonyesha.

"Kilete siku ya posa," alisema mwishowe. "Nitakikalia mbele ya wazee wa pande zote mbili. Kikinibeba kwa heshima, tutaongea habari za binti siku hiyohiyo. Kikinidhalilisha, usikanyage tena hapa."

Lydia alimsindikiza. Walipofika barabarani akamwambia neno moja tu: "Haya."

*

Kiwandani Zuzu mtu wa kalibu alikuwa Sidonia, binti wa Chemba, mchoraji na mchongaji wa makalibu yote. Kalibu, kwa asiyejua, ni lile sanduku la chuma la vipande viwili linalobanana, na nafasi iliyochongwa ndani yake ndiyo inayoipa plastiki umbo. Sidonia alikuwa mkimya. Akikasirika alirudi kwenye lugha ya kwao, yenye sauti za kudatisha ulimi, na wafanyakazi walizijua sauti hizo vizuri, ila maana hawakutaka kuijua. Bahati ya Luka ni kwamba Sidonia tayari alikuwa kwenye kazi ya kigoda, cha miguu mitatu mfano wa kile cha wazee wa Kigogo, ambacho kiwanda kilitaka kuuzia hoteli. Luka, aliyekuwa kwenye mashine, akamwomba kile cha kwanza kitakachotoka kizuri kiwe chake.

Cha kwanza hakikuwa kizuri. Mdomo wa kuingizia plastiki Sidonia aliuweka kwenye unyayo wa mguu mmoja. Plastiki ikapanda mguu huo, ikavuka bapa la kukalia, ikaanza kuteremka miguu mingine, lakini ilikwishapoa njiani, ikaishia magotini. Kikatoka kigoda cha mguu mmoja na vigutu viwili. Wenzake wakamwambia Luka akampelekee mkwe, amwambie aegemee ukuta.

Cha pili Sidonia alifungua midomo miwili, mmoja huku na mmoja kule. Miguu ikajaa. Lakini zile plastiki mbili zilikutana katikati ya bapa zikiwa zimeanza kupoa, zikasalimiana kwa mbali, hazikushikana. Na kwenye pembe, hewa ya kalibu ilipokosa pa kutokea ikabanwa, ikapata moto, ikaunguza plastiki ikawa nyeusi. Luka hakuona mstari, hakuona weusi, aliona kigoda. Akakikalia. Kikakatika katikati palepale kwenye mstari, naye akabaki amekaa sakafuni akiwa na nusu kigoda kila upande.

"Heri wewe kuliko yeye," alisema Sidonia, akakiokota.

Ndipo akaufunga ule wa huku na ule wa kule, akafungua mdomo mmoja chini ya bapa katikati, plastiki itawanyike kwenda miguu yote kwa pamoja, na kwenye ncha ya kila mguu akachonga vijitundu vyembamba vya kupumulia hewa. Akamketisha Luka, akamwambia maneno ambayo Luka aliyasikia yote kwa masikio na si zaidi.

"Sikiliza. Idunge kwa kasi, isipoe njiani. Lakini usiijaze kalibu. Ukijaza, povu litakosa pa kukua, utapata jiwe. Acha nafasi, povu lenyewe litamalizia. Ganda linashika haraka kwa sababu linagusa chuma cha baridi, ila kiini bado ni uji wa moto wenye gesi. Ukifungua mapema, gesi inasukuma. Kwa hiyo ngoja kengele ilie. Ikilia, kitie kwenye maji. Kikitoka majini, kikae kivulini mpaka kesho yake. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Umeelewa nini?"

"Kasi," alisema Luka.

Sidonia akadatisha ulimi.

*

Posa ilipangwa Jumamosi, na Luka alitaka kigoda kitoke mapema wiki hiyo, kipoe vizuri. Lakini msimu wa nyanya ulikuwa umepamba moto, mashine ikakamatwa na makreti mchana na usiku, na kalibu ya kigoda haikupata nafasi mpaka Jumamosi yenyewe asubuhi. Sidonia hakuwapo, alikwenda kwao Chemba kwenye msiba. Luka akabaki na mashine, na kalibu, na maneno ya Sidonia, na nje ya geti gari aina ya Noah lililokodiwa likiwa na Shangazi Cecilia ndani yake, amevaa kitenge kipya na kilemba, akimwambia dereva apige honi tena.

Alidunga kwa kasi, kama alivyoambiwa. Aliacha nafasi ya povu, kama alivyoambiwa. Kisha akasimama mbele ya mashine kungoja kengele, na kusimama kungoja ndicho kitu ambacho Luka hakuumbiwa. Honi ikalia. Akaitazama kengele. Honi ikalia tena. Akafungua.

Kigoda kilichotoka kilikuwa kizuri, haki ya Mungu. Rangi ya kahawia, na juu ya ganda mawimbimawimbi kama maziwa yanapoanza kuchanganyika na chai. Bapa sawasawa, miguu sawasawa. Luka akakipapasa pembeni, kikamuunguza vidole. Akalitazama tanki la maji, akaisikia honi, akakikamata miguu kwa gunia na kukimbia nacho getini.

Shangazi Cecilia aliteremka garini.

"Hicho ndicho?"

"Ndicho, shangazi."

"Na unakibeba hivyo? Uchi?"

Hapa ni lazima nieleze. Kwa watu wa ukoo wa Cecilia zawadi ya ukweni haitembei uchi. Iwe beseni, iwe jembe, iwe mbuzi, hufunikwa, na hufunuliwa mbele ya wakwe tu, asiione mtu wa njiani akaifikia kwa jicho kabla ya wenyewe. Mbuzi aliyepelekwa kumwoa Cecilia mwenyewe alivikwa kanga. Basi Shangazi akafungua begi, akatoa blanketi zito la manyoya alilomnunulia Mama Ruthu, akalikunja mara mbili, akakifunga kigoda pande zote, akakaza na kitambaa.

"Shangazi, bado kina moto."

"Chakula cha moto hakifunikwi?"

Luka akajua, kwa uhakika kabisa, kwamba hili halikuwa jambo zuri. Blanketi ni la kuzuia joto lisitoke. Ganda likikosa baridi litalainika tena, na gesi iko ndani imekaa inasubiri. Alijua yote hayo. Lakini mwanamke huyu ndiye aliyemlea, na leo ndiye anakwenda kumsemea, na kijana habishani na msemaji wake asubuhi ya posa. Akapanda gari.

Walitoka Zuzu jua likiwa linachoma bati la gari. Luka alikipakata kigoda mapajani. Shangazi aliimba nyimbo za kwaya, na mzee wa kanisa waliyemchukua kuwa mshenga alisinzia. Kabla hawajafika mbali Luka akahisi kitu. Fundo la kitambaa lilikuwa linakaza. Hakuna aliyeligusa, lilikuwa linakaza lenyewe, polepole, na katikati ya blanketi palianza kuinuka. Akaweka kiganja, akasukuma chini. Kigoda nacho kikasukuma juu. Njia nzima mpaka Bahi alikwenda hivyo, jasho likimtiririka, akibishana kwa kiganja na kigoda, huku Shangazi akimwambia kwamba woga ni kawaida, hata mume wake yeye alitetemeka siku ya posa.

*

Uani kwa Mzee Mazengo palifungwa turubai. Wazee wa ukoo walikuwa wameketi kwenye mabenchi ya mbao. Mama Ruthu alikuwa na wenzake upande wa jikoni, na Lydia alichungulia mlangoni kwa jicho moja. Pembeni alisimama binamu yake Lydia na simu mkononi, yuleyule aliyerekodi harambee, maana watu wa aina hiyo hawakosi.

Salamu zikaenda, maji yakanywewa, mshenga akasema yake, Shangazi akasema yake kwa urefu. Kisha blanketi likafunguliwa.

Bapa la kigoda halikuwa bapa tena. Lilikuwa limetuna katikati kama chapati iliyojaa mvuke. Kigoda kilikuwa na kitambi. Mbele ya Mzee Mazengo, mbele ya wazee wote, kilikuwa kimewekwa kigoda chenye kitambi, na Luka alitamani ardhi ya Bahi, ambayo humeza hata trekta wakati wa masika, immeze na yeye.

Shangazi Cecilia hakupepesa. "Ni mtindo mpya," alisema. "Kina mto wake humohumo."

Wazee wakaitikia kwa koo. Mzee Mazengo akakikaribia. Akakiinua kwa mkono mmoja, na Luka akaona kitu kikipita usoni mwake, kwani kweli kilikuwa chepesi. Akakibonyeza kwa kidole. Akakiweka chini, akageuka, akashika kanzu yake, akaanza kushuka.

Watu wote chini ya turubai walishuka naye, kila mtu palepale alipokaa.

Kikambeba. Hakikupinda, hakikupanuka miguu, hakikuyumba. Mzee akangoja. Akaegemea kushoto kidogo, akaegemea kulia. Kikambeba. Mzee mmoja akatikisa kichwa kwa kuridhika, Mama Ruthu akashusha pumzi, na kwenye uso wa Mzee Mazengo ikaanza kutokeza dalili ya tabasamu. Akajiachia, uzito wote.

Hapo ndipo sauti ikatoka.

Ilianza nyembamba, kama bawaba ya mlango wa ghala. Ikanenepa. Halafu, wakati kila mtu akidhani imekwisha, ikaendelea, ikateremka chini, ikapumzika, ikamalizia kwa kifupi kimoja. Mbuzi waliokuwa nyuma ya nyumba waliinua vichwa.

Sasa, katika mambo haya watu wamelelewa. Mtu mzima akipatwa na jambo kama hilo, hakuna aliyesikia. Wazee wote wakatazama miguu yao. Shangazi Cecilia akakohoa kikohozi kirefu cha msaada. Mama Ruthu akauliza kwa sauti kama ng'ombe wamenywa maji. Mshenga akasema, "Basi, kama kigoda kimembeba baba, na sote tumeona kimembeba, tuendelee na lililotuleta."

Na Luka akaelewa kwamba ameshinda. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Kigoda kimebeba, hakuna aliyesikia kitu, dakika chache zijazo wataongea habari za Lydia. Akamtazama Mzee Mazengo.

Mzee alikuwa amekaa wima juu ya kitambi kile, ambacho sasa kilikuwa kimebonyea. Angesema nini? Akikana, amekiri. Akinyamaza, amekiri. Macho yake yalikuwa yamekwenda kwenye simu ya yule binamu, iliyokuwa imenyooshwa na taa yake inawaka, na mkono wake umeikamata kanzu kama mtu anayejizuia asianguke, ingawa safari hii hakuwa anaanguka. Luka alimwonea huruma. Alimwona akila amesimama maisha yake yote yaliyobaki, na safari hii asingekuwa na mgongo wa kusingizia.

"Baba, si wewe," alisema Luka. "Ni kigoda."

Kikohozi cha Shangazi kikakatika.

"Luka, kaa chini," alisema.

"Ni kigoda, baba. Nimekitoa kwenye kalibu kabla hakijapoa. Niliambiwa ningoje, sikungoja. Kwenye maji sikukitia. Kikafungwa blanketi kikiwa na moto, gesi ikavimba ndani, ganda likatuna. Ulipokaa ndiyo imetoka, pale chini ilipoingilia plastiki. Kosa ni langu. Kigoda kibovu."

Maneno hayo mawili ya mwisho yalimtoka kwa shida, kwa sababu alijua maana yake. Mlangoni jicho la Lydia likatoweka.

Mzee Mazengo akamgeukia.

"Una ushahidi?"

"Kikikatwa kitaonyesha."

"Leteni msumeno."

Msumeno ukaletwa. Mzee hakukubali mtu mwingine aushike. Luka akakamata miguu, Mzee akakata mwenyewe, mikono ya kanzu imekunjwa mpaka viwikoni, chenga za plastiki zikiruka na kumkaa kwenye ndevu. Wazee waliacha mabenchi wakazunguka. Kigoda kikaachana vipande viwili, Mzee akainua kimoja juu ya mwanga.

Pembeni lilionekana ganda, gumu, halina tundu. Ndani ya ganda vitundu vidogovidogo kama vya mkate mzuri. Kadiri jicho lilivyokwenda katikati vitundu vilikuwa vikubwa, vikaungana, na katikati kabisa, chini ya kile kitambi, palikuwa na pango. Mzee Mazengo akakunja ngumi, akaiingiza. Ikaenea. Akaitoa, akaiingiza tena, ili na waliokuwa nyuma waone.

"Mmeona?" alisema. Kisha akamgeukia binamu. "Wewe. Umerekodi sauti, si ndiyo? Sogea hapa urekodi na sababu."

Binamu akasogea. Mzee akaeleza mbele ya simu, kwa mpangilio, akionyesha kwa kidole: hili ganda, hiki kiini, hili pango, hapa ndipo upepo ulipokuwa umekaa, na hapa chini ndipo ulipotokea. Akamwuliza Luka jina la ule unga. Akarudia kipande cha pango mara mbili, asije mtu akasema hakuona.

Mzee alipomaliza, Luka akasimama, akafuta mikono. "Tulikubaliana, baba. Kimekudhalilisha. Mimi naondoka. Asanteni wazee."

"Nani kakuruhusu kusimama?"

Luka akakaa.

"Kigoda kilinibeba?" Mzee aliwauliza wazee.

"Kilikubeba."

"Kilivunjika?"

"Hakikuvunjika, ila ulipokitia msumeno."

"Kilinidhalilisha?"

Wazee wakatazamana. Mmoja wao, mwenye roho ngumu, akasema, "Kilisema."

"Kilisema. Vema. Mimi nilitamka kwamba kitakachonidhalilisha kisikanyage tena hapa."

Sivyo alivyotamka. Kila mtu pale alikumbuka alivyotamka, hasa Lydia, ambaye jicho lake lilikuwa limerudi mlangoni. Lakini nani angemsahihisha mwenye nyumba?

"Basi kigoda hiki kisikanyage tena hapa," alisema Mzee Mazengo. "Isipokuwa nusu hii. Hii ni ya ushahidi."

Akarudi kwenye mninga wake. Alipopita karibu na Luka akainama, akasema kwa sauti ya chini, "Ungenyamaza ungepewa jibu leo."

"Najua, baba."

"Sasa utangoja. Lete kingine. Na kipoe."

*

Jumatatu Sidonia aliporudi kutoka Chemba, video ilikuwa imemtangulia. Aliitazama mpaka mwisho, akaomba kuona tena sehemu ya pango. Luka alikuwa tayari kwa ndimi zote. Sidonia akasema tu kwamba kwa mtu anayetoka kijijini yule mzee ameeleza vizuri kuliko Luka alivyowahi kueleza, na akaongeza unene wa chuma cha baridi katikati ya kalibu, kwa sababu watu wa haraka hawataisha duniani.

Kigoda kilichofuata Luka alikidunga mwenyewe. Akakaa mbele ya kalibu mikono mapajani. Kengele ikalia naye hakuinuka. Wenzake wakadhani kasinzia. Akaiacha ilie mpaka ikachoka, ndipo akafungua, akakitia majini, akakipeleka kivulini, akaketi karibu nacho kwa muda kama anayemlinda mgonjwa. Chai yake aliisahau mezani ikapoa kabisa, akainywa hivyohivyo. Shangazi Cecilia alipokuja kukichukua hakukubali kiende uchi, hilo hata malaika wasingemshawishi, lakini alikipapasa kwanza pande zote kwa mgongo wa mkono, kisha akakifunika kwa kanga moja nyepesi.

Wazee walikutana tena, jibu likatoka, mambo yakaenda kama yanavyokwenda. Mavuno ya mpunga yalipoisha, ikaja sendofu ya Lydia, sherehe ya kumuaga kwao. Ilifanyika ukumbini karibu na kanisa, kanisa lilelile la harambee, na viti vyote vilikuwa vya plastiki nyeupe vimevalishwa vitambaa. Luka alikuwa amesimama upande wa wageni, suti inambana. Aliona watu wakianza kugeuka kuelekea mlangoni, na simu zikipanda moja baada ya nyingine.

Mzee Mazengo aliingia na suti mpya na kigoda kimebanwa kwapani kama gazeti. Hakumtazama mtu. Akapita katikati ya ukumbi, akafika meza ya mbele, akakisogeza pembeni kiti alichowekewa, akakiweka chini kigoda chake. Muziki ukazimwa, sijui na nani. Akashika suruali magotini, akaketi. Akajiachia, uzito wote.

Ukumbi mzima ulisikiliza. Lydia, aliyekuwa amesogea na shela yake mpaka upande wa wageni, alimshika Luka mkono bila kuruhusiwa. Kigoda hakikusema neno.

Mzee Mazengo akangoja kidogo zaidi, kwa uhakika. Kisha akamwita mkewe kwa kidole.

"Mama Ruthu, mgongo umepona," alisema. "Nipeni sahani."

Akaletewa pilau. Akala ameketi, mbele ya watu wote na simu zao, na alipomaliza akaomba aongezwe.